Usalama wa watoto wadogo katika matoroli ya supamaketi: mambo ya kuzingatiwa na wazazi, walezi na wenye maduka

Mtoto wa miaka miwili ameketishwa katika kiti cha toroli la dukani. Mama yake anageuka kuchukua mfuko wa sukari katika rafu iliyo nyuma yake. Kufumba na kufumbua, mtoto amesimama juu ya kiti, ameinama kutazama chini, na ameanguka kichwa kikitangulia kwenye sakafu ya vigae. Mama hakuwa ameondoka. Alikuwa umbali wa hatua moja.

Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya ajali zinazowapata watoto wadogo katika matoroli ya kubebea bidhaa. Hutokea mchana, mbele ya watu wengi, na mara nyingi mzazi akiwa karibu kabisa. Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini kwa ajali ya aina hii kinga ipo, inajulikana, na sehemu kubwa yake haina gharama. Jambo la msingi ni kutambua kwamba kuwa karibu na mtoto, peke yake, si kinga.

Suala hili linazidi kuwahusu wakazi wa miji ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya karibuni maduka ya kujihudumia yameongezeka katika miji kama Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Dodoma, Nairobi na Mombasa. Familia nyingi huyatembelea mwisho wa mwezi, siku za mapumziko na wakati wa sikukuu za Idi na Krismasi, ambapo msongamano huwa mkubwa na macho ya mzazi hugawanyika kati ya mtoto, bei na foleni ya malipo.

Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya bidhaa

Toroli la dukani lilibuniwa nchini Marekani mwaka 1937 na mfanyabiashara Sylvan Goldman, aliyekuwa na maduka ya vyakula katika mji wa Oklahoma City. Goldman aliona kwamba wateja waliacha kununua pindi kikapu cha mkononi kilipojaa na kuwaelemea. Alichukua wazo la kiti cha kukunja, akakiwekea magurudumu na vikapu viwili, kimoja juu ya kingine. Lengo lilikuwa kumwezesha mteja kubeba bidhaa nyingi zaidi.

Kiti cha mtoto kiliongezwa baadaye, kikawekwa upande wa mpini ili mzazi amtazame mtoto anaposukuma. Mahali hapo ndipo palipo juu zaidi katika chombo chote. Kwa hiyo mtoto aliwekwa juu ya chombo chepesi chenye magurudumu, kilichokusudiwa kubeba unga, mafuta na sabuni. Chanzo cha sehemu kubwa ya hatari zinazoelezwa katika makala haya ni umbo hilo, ambalo halijabadilika sana hadi leo.

Ukubwa wa tatizo

Marekani ina utaratibu wa muda mrefu wa kukusanya taarifa za majeruhi kutoka vitengo vya dharura vya hospitali, na ndiyo sababu tatizo hili limechunguzwa kwa kina nchini humo. Utafiti wa wataalamu wa Hospitali ya Watoto ya Nationwide, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Clinical Pediatrics, ulipitia taarifa za miaka 22, kuanzia mwaka 1990 hadi 2011. Ulikadiria kuwa watoto wapatao 530,000 wenye umri wa chini ya miaka 15 walitibiwa katika kipindi hicho kwa majeraha yaliyohusiana na matoroli. Hiyo ni wastani wa zaidi ya watoto 24,000 kwa mwaka, sawa na mtoto mmoja kila baada ya dakika 22.

Utafiti huo ulibaini mambo mawili yanayopaswa kuzingatiwa zaidi. Kwanza, takriban asilimia 70 ya majeraha yalitokana na kuanguka kutoka katika toroli. Pili, takriban asilimia 78 ya majeruhi waliumia kichwa. Walioathirika zaidi walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano, yaani wale wale ambao wazazi huwaweka katika matoroli.

Jambo jingine lilihusu viwango. Mwaka 2004 Marekani ilipata kiwango cha hiari cha utengenezaji wa matoroli, kinachohusu mikanda ya kumfunga mtoto na maandishi ya tahadhari. Hata hivyo, idadi ya mitikisiko ya ubongo na majeraha ya kichwa yasiyo na kidonda cha wazi kwa mwaka iliendelea kupanda, kutoka takriban 3,500 mwaka 1990 hadi zaidi ya 12,000 mwaka 2011. Sehemu ya ongezeko hilo yaweza kuwa imetokana na madaktari na wazazi kuyatambua zaidi majeraha ya ubongo. Pamoja na hayo, takwimu zinaonesha kuwa kuwapo kwa mkanda katika kiti hakutoshi. Mkanda humlinda mtoto aliyefungwa, na tena aliyefungwa sawasawa.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani (AAP), katika tamko lake la mwaka 2006, kilitaka viwango viimarishwe ili vizuie watoto kuanguka na matoroli kupinduka. Aidha, kiliwashauri wazazi kutafuta njia nyingine ya kumhudumia mtoto wakati wa manunuzi, badala ya kumpandisha katika toroli, hadi matoroli salama zaidi yatakapopatikana.

Kwa nini kichwa hutangulia

Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito kikilinganishwa na mwili wake. Kwa mtoto mchanga, kichwa huchukua takriban robo ya urefu wote wa mwili. Kwa hiyo mtoto anapoinama juu ya ukingo wa toroli, uzito wa kichwa humvuta chini, na uwezo wake wa kujizuia kwa mikono bado haujakomaa. Mtu mzima anayeanguka hutanguliza mikono. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hutanguliza kichwa.

Sakafu za maduka makubwa ni za vigae, saruji au terazo, na hazipunguzi kishindo hata kidogo. Mtoto anayeanguka kutoka katika kiti cha toroli huanguka kutoka kimo kinachozidi urefu wake mwenyewe. Matokeo yaweza kuwa uvimbe mdogo, mtikisiko wa ubongo, kuvunjika kwa fuvu au kuvuja damu ndani ya kichwa.

Namna ajali zinavyotokea

Ajali hizi hutokea kwa njia kuu tano:

1. Kuanguka. Mtoto ambaye hakufungwa mkanda, au aliyefungwa kwa ulegevu, husimama juu ya kiti au ndani ya kikapu, hugeuka kufuata kitu kilichomvutia, kisha huanguka.

2. Toroli kupinduka. Toroli tupu ni jepesi. Mtoto akiwa juu na kikapu kikiwa hakina kitu chini, uzito wote huwa juu. Kaka au dada yake akining'inia ubavuni, toroli laweza kulala upande na kumwangukia mmoja wao.

3. Kugongwa. Mtoto anayetembea kando au mbele ya toroli lililojaa hawezi kuonekana vizuri na anayelisukuma, naye hugongwa na chombo kizito chenye kingo za chuma.

4. Kubanwa. Vidole na miguu midogo hunaswa katika nafasi za kiti, katika nyavu za kikapu, kwenye magurudumu, au kati ya toroli moja na jingine yanapopangwa.

5. Toroli kuteleza. Katika maegesho yenye mteremko, toroli lililoachwa kwa muda mfupi tu huweza kwenda lenyewe hadi katika njia ya magari.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Njia iliyo salama kuliko zote ni mtoto mdogo kutopandishwa katika toroli kabisa. Inapowezekana, abaki nyumbani na mtu mzima anayeaminika, au watu wazima wawili waende pamoja, mmoja ashughulikie bidhaa na mwingine mtoto.

Mahali ambapo hilo haliwezekani, mila za Afrika Mashariki zina jibu lililo karibu. Mbeleko, iwe ya kanga au kitenge, humweka mtoto mwilini mwa mama, na mikono ya mama hubaki huru. Mtoto aliyebebwa mgongoni na kufungwa vizuri hawezi kusimama juu ya kiti wala kuinama ukingoni. Yanayotakiwa ni kuhakikisha fundo limekaza, kichwa cha mtoto mchanga kimeegemezwa, na pua na mdomo havikuzibwa na nguo. Kigari cha mtoto pia kinafaa, kwa kuwa kiko chini zaidi kuliko toroli na kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto.

Ni vyema pia kwenda dukani mtoto akiwa ameshiba na hakuchelewa kulala. Mtoto mwenye njaa au usingizi hatulii, na mtoto asiyetulia ndiye anayesimama. Orodha ya mahitaji ikiandikwa mapema, muda wa kukaa dukani hupungua, na usumbufu kwa mzazi hupungua pia.

Iwapo mtoto atapandishwa katika toroli

Wazazi na walezi wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

• Toroli likaguliwe kwanza. Mkanda uwepo, usiwe umekatika, na kifungo chake kifunge. Magurudumu yote manne yaguse sakafu na yazunguke bila kukwama. Toroli lenye kasoro lirudishwe na kuchukuliwa jingine.

• Lichaguliwe toroli ambalo kiti chake kiko chini, ikiwa duka linayo. Baadhi ya maduka yana matoroli yenye umbo la gari dogo, ambamo mtoto huketi karibu na sakafu. Mtoto huyo naye afungwe mkanda, maana anaweza kutoka nje wakati toroli likitembea.

• Mkanda ufungwe kila mara, hata kwa safari ya kununua mkate mmoja. Ukaze kiunoni, na miguu ya mtoto ipite katika nafasi zake.

• Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa asiwekwe katika kiti cha toroli. Watoto wengi hufikia hatua hiyo kati ya miezi 6 na 9.

• Kiti cha gari cha mtoto mchanga au kikapu chake kisiwekwe juu ya kiti cha toroli. Huongeza kimo na uzito wa juu, na chaweza kuteleza hata kama kinaonekana kimekaa imara.

• Mtoto asiketi wala kusimama ndani ya kikapu cha bidhaa, asining'inie ubavuni, na asipande mbele ya toroli.

• Bidhaa nzito, kama vile mchele na madumu ya mafuta, ziwekwe chini kabisa ili kulituliza toroli.

• Nyama na kuku wabichi wawekwe mbali na mtoto, ndani ya mfuko wa ziada. Tafiti zilizofanyika Marekani zilihusisha maambukizi ya bakteria wa Salmonella na Campylobacter kwa watoto wachanga na kuketi katika toroli kando ya bidhaa hizo. Mpini na kiti vifutwe, na mikono ya mtoto ioshwe kabla ya kula.

• Mtoto mwingine asiachiwe kulisukuma toroli alimo mdogo wake. Mtoto wa miaka minane hana nguvu wala uzoefu wa kulizuia likianza kulala upande.

• Anayesukuma asiliache toroli. Bidhaa ikiwa mbali, toroli lisogezwe hadi ilipo. Simu ya mkononi isubiri.

Kwa mtoto anayetembea, mkono wake ushikwe, au afundishwe kushika upande wa toroli ulio karibu na mzazi, mahali anapoonekana. Watoto wa umri huo hupenda kazi. Mtoto aliyeombwa kutafuta sabuni ya rangi ya kijani ana sababu ya kubaki karibu.

Iwapo mtoto amepelekwa dukani na msaidizi wa kazi za nyumbani, bibi au dada yake, naye aelezwe mambo haya kabla ya kutoka. Kanuni inayojulikana na mzazi peke yake haimsaidii mtoto siku ambayo mzazi hayupo.

Maegesho na njia za mteremko

Hatari haiishii kwenye mashine ya malipo. Njia ya mteremko inayoelekea kwenye maegesho huongeza mwendo wa toroli lililojaa, na mzazi aliyechoka huhitaji nguvu zaidi kulizuia. Toroli lisipandishwe katika ngazi za umeme. Itumike lifti au njia iliyotengwa.

Mzazi anapofika kwenye gari, ni vyema mtoto aingizwe na kufungwa kwanza, kisha bidhaa zipakiwe huku gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mkononi mwa mzazi. Mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari wakati mzazi anarudisha toroli, kwa kuwa joto la ndani ya gari lililoanikwa juani hupanda kwa haraka. Kuegesha karibu na mahali pa kurudishia matoroli huondoa usumbufu huo. Kwa anayetumia bajaji au teksi, mtoto abebwe mkononi au mgongoni kabla bidhaa hazijaanza kuhamishwa.

Wajibu wa wenye maduka

Mzigo wa usalama haupaswi kumwelemea mzazi peke yake. Duka linalompa mteja toroli lenye kiti cha mtoto linamwalika kumweka mtoto humo, hivyo kiti hicho kinapaswa kuwa salama. Wenye maduka wanashauriwa kukagua matoroli mara kwa mara, kuondoa yaliyoharibika badala ya kuyachanganya na mazima, na kubadilisha mikanda iliyokatika. Matangazo ya tahadhari yawekwe kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa na michoro inayoeleweka hata kwa asiyesoma.

Wakati wa kununua matoroli mapya, wafanyabiashara wanaweza kuzingatia viwango vinavyotambulika. Barani Ulaya kipo kiwango cha EN 1929, kinachohusu pia uthabiti wa toroli, na Australia na New Zealand nazo zina kiwango chao. Matoroli yenye kiti cha chini hupunguza kimo cha mtoto kuanguka pamoja na uwezekano wa chombo kupinduka. Wafanyakazi wa duka nao waelekezwe kumkumbusha mteja kwa heshima pindi wanapomwona mtoto amesimama katika toroli. Neno moja la mhudumu, kama vile "Samahani mama, mtoto amesimama," laweza kuokoa maisha.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi na mlezi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya mambo mbalimbali, zikiwamo hatari za kimwili. Wajibu huo haukomi mlangoni mwa duka.

Mtoto akianguka

Mtoto akianguka, anayemhudumia atulie na kumtazama kabla ya kumnyanyua. Ikiwa hana fahamu, au inashukiwa ameumia shingo, asisogezwe isipokuwa kama mahali alipo ni pa hatari, na msaada wa dharura uitwe mara moja. Asitikiswe kwa lengo la kumwamsha. Ikiwa hapumui, aliyefunzwa huduma ya kwanza aanze kumpa pumzi na kumkandamiza kifua. Jeraha linalotoka damu libanwe kwa kitambaa safi, isipokuwa mahali ambapo mfupa unaonekana kubonyea.

Mtoto apelekwe hospitali bila kuchelewa iwapo ataonesha mojawapo ya dalili hizi:

• kupoteza fahamu, hata kwa muda mfupi;
• kutapika zaidi ya mara moja;
• degedege;
• usingizi usio wa kawaida, au kuamka kwa shida;
• kulia bila kubembelezeka, au maumivu ya kichwa yanayozidi;
• damu au majimaji meupe kutoka puani au masikioni;
• weusi kuzunguka macho au nyuma ya masikio;
• mboni za macho kutolingana, kuyumba, au udhaifu wa mkono au mguu;
• utosi kuvimba kwa mtoto mchanga, au uvimbe laini kichwani.

Mtoto mwenye umri wa chini ya mwaka mmoja aliyegonga kichwa aonwe na mtaalamu wa afya hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa dalili zake huwa vigumu kuzitambua.

Kwa mtoto asiye na dalili hizo, uvimbe uwekewe barafu iliyofungwa katika kitambaa, au kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kwa muda usiozidi dakika 20. Desturi ya kukanda uvimbe kwa maji ya moto au kuusugua isitumike, kwa kuwa joto huongeza damu na uvimbe katika sehemu iliyoumia. Mtoto asipewe aspirini. Anaweza kulala wakati wake wa kawaida, mradi mlezi amwangalie na kuhakikisha kuwa anaamka vizuri. Uangalizi uendelee kwa walau saa 24, kwa kuwa baadhi ya dalili huchelewa kujitokeza.

Anayempeleka mtoto hospitali aeleze ukweli wote: alianguka kutoka wapi, saa ngapi, aliangukia nini, na alifanya nini mara baada ya kuanguka. Wazazi wengine huona haya na kupunguza uzito wa tukio. Taarifa hizo ndizo zinazomwongoza daktari kuamua vipimo, na kuzificha humweka mtoto hatarini mara ya pili.

Kwa ufupi

Mtoto mdogo yuko salama zaidi akiwa mgongoni, katika kigari chake, au mkononi mwa mtu mzima. Ikibidi apandishwe katika toroli, afungwe mkanda, aketi, na anayesukuma asiondoe mkono. Kufunga mkanda huchukua sekunde chache. Jeraha la ubongo laweza kudumu maisha yote ya mtoto.